ADABU ZA MJINI: Mkono Usiotolewa

Mtu aingiapo katika ofisi yoyote ya katikati ya mji wa Nairobi, au katika majumba marefu ya Westlands, jambo la kwanza analotazamiwa kulifanya ni kutoa mkono. Karani wa mapokezi hupewa mkono, mkubwa wa ofisi hupewa mkono, na ikiwa chumbani mna watu kumi, basi mikono kumi hushikwa kabla shauri lenyewe halijafunguliwa. Desturi hii imekwisha kuwa kama sheria isiyoandikwa. Mwenye kuitimiza husemwa kuwa ana adabu. Mwenye kuiacha hudhaniwa kuwa ana kinyongo, au majivuno, au hakupata malezi mema.

Lakini katika mji huu huu wanakaa Waislamu wengi, waume kwa wake, waliofundishwa tangu utotoni ya kuwa mwanamume na mwanamke wasio maharimu hawapeani mikono. Hao nao huingia katika ofisi hizo hizo, hutafuta kazi, huuza na kununua, huenda kutoa pole kwa jirani aliyefiwa. Hapo ndipo hutokea jambo dogo lenye uchungu mkubwa: mkono mmoja umenyooshwa, wa pili umewekwa kifuani, na watu wote chumbani wamenyamaza.

Jambo hilo hupita kwa kufumba na kufumbua, lakini alama yake hukaa. Msichana aliyehitimu vizuri aweza kukosa kazi kwa ajili yake. Mzee wa watu aweza kurudi nyumbani akidhani amevunjiwa heshima mbele ya watoto wake. Kwa kuwa watu wa mji huu wamechanganyika, na wataendelea kuchanganyika, yafaa kila upande ufahamu maana ya jambo lenyewe. Kuuliza si ujinga.

NI NANI ALIYE MAHARIMU

Kwanza msomaji na alijue neno hili. Maharimu wa mtu ni wale ambao hawezi kuoana nao milele, kwa sababu ya damu, au ya kunyonya ziwa moja, au ya ukwe. Hao ni kama mama, binti, dada, shangazi, mama mdogo, mpwa na mama mkwe. Wengi wao wametajwa katika Kurani, Sura ya 4, aya ya 23. Kwa watu hawa hakuna kizuizi cha kushikana mikono. Asiye katika hesabu hiyo, mbali na mume au mke wa mtu, huitwa ajnabi.

Neno ajnabi kwa asili lina maana ya mgeni, lakini katika sheria si tusi. Binamu ni ajnabi, hata kama wamelelewa nyumba moja na kula sinia moja. Shemeji ni ajnabi pia. Kwa hiyo Mwislamu anayejizuia kumpa mkono mwanamke Mkristo wa Kangemi hujizuia vivyo hivyo kwa mke wa ndugu yake mwenyewe aliye Mombasa. Katazo hili halikuwekwa juu ya watu wa dini nyingine, wala juu ya kabila, wala juu ya watu wa cheo cha chini. Mtu akilishika neno hili moja tu, nusu ya uchungu wake itamtoka.

YANAYOSIMULIWA NA VITABU

Kurani haina aya inayotaja kupeana mikono baina ya mwanamume na mwanamke. Inayotajwa ni adabu ya macho: katika Sura ya 24, aya ya 30, wanaume wanaamriwa kuinamisha macho yao, na katika aya inayofuata wanawake wanaamriwa vivyo hivyo. Yafaa kuangaliwa ya kuwa wanaume ndio waliotangulia kuamriwa. Wanavyuoni wakasema, ikiwa jicho lina mpaka, basi mkono una mpaka zaidi. Ndiyo kanuni iliyomo katika Minhaj, kitabu cha Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho kimesomwa kwa muda mrefu katika vyuo vya pwani yetu.

Hadithi iliyo maarufu kupita zote katika jambo hili ni ya Bibi Aisha, nayo imo katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Yasimulia ya kuwa wanawake walipokuja kuahidi utii wao, ahadi ambayo habari zake zimo katika Sura ya 60, aya ya 12, Mtume aliipokea ahadi hiyo kwa maneno tu, wala mkono wake haukugusa mkono wa mwanamke ajnabi. Umayma binti Ruqayqa, aliyekuwa miongoni mwa wanawake waliokuja kuahidi, amesimulia kuwa walipoomba wapeane naye mikono aliwajibu ya kwamba yeye hapeani mikono na wanawake, na kwamba neno lake kwa wanawake mia ni sawa na neno lake kwa mmoja.

Hapa pana jambo la kutazamwa vizuri. Wanawake wale hawakurudishwa mlangoni. Ahadi yao ilihesabiwa kuwa ahadi kamili, sawa na ile ya wanaume walioshikwa mikono. Kilichoachwa ni mguso; neno lilitolewa lote. Mwislamu anayetaka kuufuata mfano huu kwa ukamilifu hana ruhusa ya kuuacha mkono na kuliacha neno pia.

Tena salamu ya maneno haikukatazwa. Imepokewa kutoka kwa Asma binti Yazid ya kuwa Mtume alipita mbele ya kundi la wanawake akawatolea salamu. Na katika Sura ya 4, aya ya 86, waumini wanaamriwa kwamba waamkiwapo kwa maamkio fulani, waitikie kwa mema zaidi, au kwa uchache yaliyo sawa na hayo. Basi mwanamume ajifichaye nyuma ya dini ili apite mbele ya mwanamke kama aonaye ukuta, huyo hakuisoma dini yake mpaka mwisho.

WANAVYUONI HAWASEMI KWA SAUTI MOJA

Watu wengine hudhani ya kuwa Waislamu wote wana neno moja katika jambo hili. Sivyo. Ni kweli kwamba madhehebu manne ya Kisunni yamekataza mwanamume kumshika mkono mwanamke kijana aliye ajnabi. Wanavyuoni wa Kishia nao hukataza mguso wa ngozi kwa ngozi, isipokuwa kwa dharura. Lakini kwa ajuza ambaye hakuna tena matamanio baina yake na anayemwamkia, wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi wameruhusu, na baadhi ya Mahanbali pia. Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani na miongoni mwa Wasomali, wamelibana jambo hilo zaidi.

Imo pia hadithi iliyopokewa na Tabarani kwa Ma'qil bin Yasar, yenye onyo kali juu ya kumgusa mwanamke asiye halali. Wako wanaoichukua kuwa inahusu kila mguso, na wako wanaosema kuwa inakusudia mguso wa uasherati. Wa pili hao hutaja hadithi ya Anas iliyomo katika Bukhari, inayosimulia ya kuwa kijakazi wa Madina aliweza kumshika Mtume mkono na kwenda naye alikotaka ili amtimizie haja yake. Wa kwanza hujibu ya kuwa habari hiyo inaeleza unyenyekevu wake tu.

Katika zama hizi Sheikh Yusuf al-Qaradawi, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 2022, alitoa fatwa ya kuwa kupeana mikono kunaruhusiwa penye haja, maadamu hapana matamanio wala hofu ya fitina. Lakini alishauri Mwislamu asianze yeye, bali apokee tu anapotolewa mkono. Wengi walimpinga. Kwa hiyo msomaji asishangae akimwona Mwislamu mmoja katika ofisi akitoa mkono kwa kila mtu, na mwenziwe wa meza ya pili akiuweka wake kifuani. Mmoja hakuitupa dini, na wa pili hakuzidisha ukali wake mwenyewe. Kila mmoja amefuata fundisho alilolipokea.

UDHU WA ADHUHURI

Liko jambo la pili ambalo watu wasio Waislamu hawalijui, nalo huonekana zaidi siku ya Ijumaa. Ikaribiapo saa saba mchana, wanaume wengi hutoka katika ofisi na maduka ya mjini kuelekea Msikiti wa Jamia, ule ulioanza kujengwa mwaka 1925 ukamalizika mwaka 1933, wenye kuba zake karibu na soko la mji. Baadhi yao wamekwisha kutia udhu huko huko ofisini, ili wasikute msongamano penye mabomba.

Sasa, kwa madhehebu ya Shafi, ngozi ya mwanamume ikigusana na ngozi ya mwanamke asiye maharimu, udhu wa wote wawili hutenguka, hata kama mguso ulikuwa wa bahati mbaya. Kwa Hanafi, udhu hautenguki kwa mguso huo. Kwa Maliki hutenguka ikiwa mguso ulikuwa wa matamanio. Hitilafu hii imetoka katika kufasiri neno moja la Kiarabu lililomo katika aya za udhu, lenye maana ya kugusana na wanawake: Shafi alilichukua kama lilivyo, na Hanafi alilifasiri kuwa ni tendo la ndoa.

Nairobi ina watu wa madhehebu yote hayo. Waislamu wengi wenye asili ya Punjab ni Mahanafi. Waswahili na Wasomali wengi ni Mashafii. Nao husimama safu moja katika msikiti mmoja. Yamkini basi mfanyakazi aliyekuwa akipeana mikono na watu asubuhi yote akaukataa mkono wa mwenziwe saa sita na nusu. Mwenziwe ataona ni kigeugeu. Kumbe yule anahesabu dakika, na maji yako mbali.

KWA NINI MKONO UNA UCHUNGU HAPA

Mtu aweza kuuliza: ikiwa sababu ni hizo, mbona watu wa Nairobi huumia sana? Kwa nini wasicheke, wakapita?

Jibu limo katika habari za mji wenyewe. Ubavuni mwa Msikiti wa Jamia, katika Mtaa wa Banda, limesimama jengo la Maktaba ya McMillan, lililofunguliwa mwaka 1931. Kwa miaka mingi maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao, hata ilipofunguliwa kwa watu wote mwaka 1958. Mitaa ya magharibi kama Lavington, Kileleshwa na Kilimani ilitengwa kwa Wazungu; Parklands kwa sehemu kubwa ikawa ya Wahindi; na Mwafrika aliyeonekana huko alikuwa amekwenda kutumika. Katika siku hizo mkono usiotolewa ulikuwa na maana moja tu. Ulisema: wewe si mtu kama mimi.

Baadhi ya watu waliouona wakati ule wangali hai, na watoto wao wamerithi kumbukumbu. Kwa hiyo mtu wa Nairobi anyooshapo mkono wake ukaachwa hewani, moyo wake haukimbilii vitabu vya sheria za Kiislamu. Hukimbilia jeraha la zamani. Mwislamu naye anayeuweka mkono wake kifuani hana habari ya jeraha hilo. Yeye amedhani kwamba anamheshimu aliye mbele yake. Ishara ni moja, lakini wawili hawa wanaisoma kwa herufi mbalimbali. Hakuna mwongo kati yao, wala hakuna mjinga. Kinachokosekana ni neno la kufasiri.

MAHALI PENYE TATIZO

Mahali pa kwanza ni chumba cha kutahiniwa watu wa kazi. Tuseme msichana wa Kiislamu, aliyevaa buibui lake au mtandio, ameitwa na kampuni ya Westlands. Wanaume watatu na mwanamke mmoja wamekaa mezani. Wanasimama, mkubwa wao ananyoosha mkono. Msichana anaweka wake kifuani, anatabasamu na kusema, "Shikamoo, mzee, mnisamehe, dini yangu hainiruhusu kutoa mkono, lakini nimefurahi sana kuitwa." Maneno hayo hayafiki hata ishirini, lakini yamekwisha kuziba shimo. Msichana huyo huyo akinyamaza na kuinama, wale watatu watasema moyoni: huyu hataweza kukaa na wateja wetu.

Na wanaotahini nao wana wajibu, tena wajibu wa sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, inakataza mtu kubaguliwa kwa dini yake wala kwa kuwa mwanamume au mwanamke, na kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri na wa dini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kumbagua hata mtu ambaye angali anaomba kazi. Mkono peke yake si kipimo cha elimu, wala cha bidii.

Mahali pa pili ni hospitali. Huko Parklands, ambako hospitali ya Aga Khan ilifunguliwa mwaka 1958, wauguzi na madaktari wa kila dini huwagusa wagonjwa wa kila dini. Hapo sheria ya Kiislamu yenyewe imefungua mlango: penye haja ya tiba, mguso unaruhusiwa kwa kiasi cha haja hiyo, ijapokuwa ni bora mwanamke atibiwe na mwanamke akipatikana. Kadhalika katika matatu ya kwenda Kawangware jioni, ambamo watu hubanwa bega kwa bega, hakuna mwenye akili atakayemhesabia mwenziwe kosa. Dini imetofautisha baina ya mguso wa kutafuta, mguso wa haja, na mguso wa kubanwa.

Mahali pa tatu, palipo pazito kuliko pote, ni nyumba ya msiba. Jirani amefariki, mjane amekaa mkekani, watu wanapita mmoja mmoja wakimshika mkono. Jirani Mwislamu anapofika zamu yake, afanye nini? Akipita kimya, atamjeruhi aliyekwisha kujeruhiwa. Hapa lugha ya Kiswahili yenyewe inamsaidia. Wazee wa pwani wana neno la kumwambia mfiwa, nalo ni "Makiwa." Bara watu husema "Pole." Mtu na ainame mbele ya mjane, mkono kifuani, amtaje marehemu kwa wema aliomjua nao, aulize haja ya nyumba ile, na kesho yake alete unga na sukari. Mkono wa namna hiyo mjane ataukumbuka zaidi kuliko vile viganja vyote vilivyopita.

NENO LILILOKAA MAHALI PA MKONO

Wala asiseme mtu kuwa salamu isiyo na mguso ni salamu ya Kiarabu isiyofaa kwa Mwafrika. Hebu litazamwe neno "shikamoo." Husemwa ya kuwa asili yake ni "nashika miguu yako." Leo hakuna ashikaye mguu wa mtu, wala hakuna mzee anayelalamika ya kuwa mguu wake haukushikwa. Neno limekaa mahali pa mguso, na heshima imebaki pale pale. "Sabalkheri" na "masalkheri" ni za namna hiyo hiyo. Kiswahili ni lugha yenye maamkio mengi kiasi cha kuwa watu wawili waweza kuulizana habari za nyumbani, za kazi, za watoto na za tangu siku ile, wasigusane hata kidole, na wakaachana mioyo yao ikiwa imekunjuka.

Tena adabu za zamani za Wazungu wenyewe zilimwelekeza mwanamume angoje mwanamke autoe mkono kwanza. Mwanamume aliyetangulia kunyoosha mkono wake alihesabiwa kuwa ana haraka. Ikiwa ofisi za leo zingelirudisha desturi hiyo peke yake, taabu nyingi zingekwisha bila ya kutaja dini yoyote.

YALIYOTOKEA NCHI ZA MBALI

Jambo hili limefika hata katika mahakama za Ulaya. Nchini Uswisi, mwaka 2016, wavulana wawili Waislamu wa shule ya Therwil walikataa kumpa mkono mwalimu wa kike. Serikali ya jimbo lao ikaamua kuwa wanafunzi sharti watoe mkono, na mzazi wa mwenye kukataa aweza kutozwa faini hata faranga 5,000. Denmaki ilitunga sheria mwaka 2018 ya kuwa anayepewa uraia sharti apeane mikono na afisa katika sherehe. Corona ilipozuka mwaka 2020, sharti hilo likasimamishwa kwa muda.

Nchini Uswidi mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Msichana mmoja Mwislamu alikwenda kutahiniwa kazi ya ukalimani. Mkubwa wa kiume alipomnyooshea mkono, yeye aliweka wake kifuani, na mazungumzo yakakatwa pale pale. Mwezi wa Agosti 2018 Mahakama ya Kazi iliamuru alipwe fidia ya krona 40,000. Mahakama ilikiri ya kuwa kampuni ina haki ya kutaka waume na wake watendewe sawa. Lakini msichana alieleza kuwa penye mchanganyiko wa waume na wake yeye huwaamkia wote kwa namna moja, mkono kifuani, hambagui mwanamume wala mwanamke.

Hapo pana fundisho kubwa kwa watu wa Nairobi. Wako wanawake wenye vyeo wanaolalamika, na lalamiko lao ni la haki: mgeni huingia, huwashika mikono wanaume wote waliomo chumbani, kisha huwaruka wanawake kana kwamba ni viti. Mwanamke aliyesoma kwa taabu mpaka akakalia kiti cha ukubwa huona amerudishwa jikoni mbele ya watu anaowaongoza. Mwanamume Mwislamu anayeifahamu hali hiyo aweza kuwaamkia wote kwa mkono kifuani pindi waume na wake wamekaa pamoja. Hakuna sheria ya dini atakayokuwa ameivunja, na hakuna mtu atakayeruka.

Wako pia wale wanaoukataa mkono wa mfagizi na kuupokea ule wa mkurugenzi, wote wawili wakiwa wanawake. Hao wasiitaje dini. Dini haikusema ya kuwa cheo hugeuza ajnabi kuwa maharimu.

MIAKA MIWILI ILIYOFUNDISHA

Tarehe 9 Machi 2018, mbele ya Jumba la Harambee, Rais Uhuru Kenyatta na Bwana Raila Odinga walipeana mikono baada ya uchaguzi uliokuwa umeigawanya nchi. Tangu siku hiyo neno "handisheki" likaingia katika vinywa vya watu kwa maana ya mapatano. Nchi nzima iliona jinsi mkono unavyoweza kubeba mambo makubwa kuliko kiganja.

Baada ya miaka miwili tu, tarehe 13 Machi 2020, ilitangazwa ya kuwa mgonjwa wa kwanza wa corona nchini ameonekana Nairobi. Watu wote wakaambiwa waache kupeana mikono. Misikiti na makanisa yalifungwa, na katika ofisi za mjini mawaziri na matarishi wakaanza kuweka mikono kifuani, au kuinamisha vichwa. Muda ule hapana aliyesema kuwa amedharauliwa. Kila mtu alijua sababu, na kwa kuijua akaridhika. Kumbe moyo wa mtu waweza kuvumilia mkono usiotolewa, maadamu umeambiwa kwa nini.

ADABU YA PANDE MBILI

Basi mwenye kutoa mkono na akumbuke haya. Akimkuta mwanamke aliyejifunga mtandio, au mwanamume ambaye dalili za dini zinaonekana kwake, na amwamkie kwa maneno kwanza, kisha angoje. Akitolewa mkono, aupokee. Akiwekewa mkono kifuani, naye na aweke wake, na mazungumzo yaendelee. Asiushike kwa nguvu mkono wa mtu, wala asifanye mzaha mbele ya watu kwa kusema, "Kwani nitakuuma?" Mzaha huo humweka mtu kati ya Mungu wake na mkate wake.

Na mwenye kuuzuia mkono naye na akumbuke haya. Yeye ndiye aliyeiacha desturi ya watu, kwa sababu aliyo nayo. Kwa hiyo yeye ndiye mwenye deni la kueleza. Na atangulize uso mkunjufu, na salamu iliyo ndefu kuliko ya kawaida, na udhuru wa maneno machache. Na aanze yeye kuweka mkono kifuani angali hatua tatu mbali, ili mwenziwe asije akaunyoosha wake na kufedheheka. Akiwa amechelewa, na mkono wa mzee umekwisha kunyooka mbele ya watu, na alishike shauri la wanavyuoni alioridhika nao, lakini asimwache mzee huyo aondoke pasipo kuelewa.

Wazee husema ya kuwa waraka ni nusu ya kuonana. Ikiwa karatasi iliyotoka mbali yaweza kuwa nusu ya kuonana, neno jema lililotamkwa uso kwa uso, mkono ukiwa kifuani, haliwezi kupungukiwa na salamu. Mji wa Nairobi una nafasi ya kutosha kwa mkono unaonyooshwa na kwa mkono unaowekwa kifuani. Usio na nafasi ni mkono unaofichwa nyuma kwa kimya.